Mapipa Sita na Kituo cha Angani

Jumamosi, 21 Oktoba 2000

Nimeanguka tena kwenye mapipa. Mara ya tatu.

Naandika hapa ofisini, Ruwi, saa ya chakula, mlango nimeuegesha. Nyumbani sitaweza. Mama atauliza mara moja tu na mimi nitalia.

Ilivyokuwa. Mtihani wa kwanza wa leseni ni mapipa: mapipa sita ya mafuta, safu mbili, na wewe unaingiza gari kinyumenyume katikati bila kugusa hata moja. Ukipita hapo ndipo unakwenda kwenye kilima, halafu barabarani. Mimi hicho kilima sijawahi kukiona. Mwalimu wangu, Bi Nasriya, ana dawa yake. Amebandika kipande cha utepe mweusi kwenye kioo cha nyuma cha gari lake la kufundishia. Utepe ukilingana na pipa la pili, zungusha usukani wote kulia. Ukilingana na la tatu, nyoosha. Nimeusoma utepe ule miezi minne. Leo askari anayetahini aliingia, akakaa, akageuka nyuma, akanyoosha mkono na kuubandua. Akauviringa kidoleni. Akasema kwa upole kabisa: yallah, ingia.

Pipa la kwanza nililigonga. La pili nililisukuma.

Bi Nasriya alisema, "Usinune. Wa kabla yako kanipasulia taa." Halafu akafungua daftari lake: mara ya nne ni tarehe nne Novemba. "Nitabandika mwingine, mdogo. Askari hatauona." Nikamwambia sitaki utepe. "Basi unataka nini, malaika akushikie usukani?"

Ninachotaka siwezi kumwambia yeye wala mtu yeyote, kwa hiyo nakiandika hapa, kwa Kiswahili, mara moja.

Baba haoni. Haoni sawasawa. Kila asubuhi ananiendesha kutoka nyumbani, Al Amerat, tunapita bonde la Wadi Adai mpaka hapa, na mchana ananifuata. Tangu Ramadhani iliyopita mimi ndiye ninayemwambia taa. Mwanzo kama mzaha. Sasa kila taa. "Nyekundu, Baba." "Imefungua, Baba." Naye hujibu, "Nshaiona." Kila mara nshaiona. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya hapo.

Nikipata leseni nitasema tu, Baba, leo niachie mimi, nizoee. Kesho vilevile. Keshokutwa vilevile. Hatadhalilika mtu. Njia nyingine sijaiona. Na kila ninapoanguka, yeye anaendesha wiki mbili zaidi.


Jumanne, 24 Oktoba

Pauline kanichapishia ukurasa. Yeye ndiye mpokea simu wetu, Mkenya, wa Nakuru, na kompyuta yenye intaneti iko mezani kwake kwa sababu waya wa simu uko hapo. Ukiingia kwenye intaneti, simu zote za ofisi zinakufa. Kwa hiyo anaiba saa ya chakula, au meneja akitoka.

"Si wewe ulisema shuleni ulipenda mambo ya juu? Haya, soma. Kuna watu wanahama dunia."

Ni watatu, Mmarekani mmoja na Warusi wawili. Wataruka Jumanne ijayo kutoka Kazakhstan, waende kwenye kituo cha angani ambacho kimejengwa miaka miwili na bado hakijakaliwa na mtu. Watakaa miezi minne. Kituo kiko angani, umbali usiofika kilomita mia nne. Ni karibu kuliko kwenda Dubai! Lakini watachukua siku mbili kufika. Nilisoma mara tatu nipate kuelewa. Shida si umbali. Kituo hakisimami. Kinakwenda kilomita elfu ishirini na nane kwa saa, na wao pia, na lazima wazunguke na kuzunguka mpaka mwendo wao na wake uwe mmoja. Mwisho kabisa wanakikaribia taratibu kuliko mtu anayetembea.

Wana mashine ya kuwaingiza. Ikishindwa, kamanda anashika mwenyewe, na anaangalia alama ya msalaba iliyowekwa kituoni, aipange sawa na ile iliyo kwenye kioo chake.

"Msalaba," Pauline akasema. "Unaona? Hata huko."

"Ni alama tu, Pauline."

"Alama ya nini? Wangeweka mwezi ungenyamaza?"

Tukacheka. Lakini mimi nilikuwa nafikiri: kumbe na wao wana utepe wao. Hakuna anayewabandulia.

Nimeukunja ukurasa nikautia ndani ya shajara hii.


Jumapili, 29 Oktoba

Redioni, idhaa ya Kiswahili, wamezitaja habari za wale watatu. Baba alikuwa ameegemea mto, redio kifuani.

"Wanakwenda kufanya nini huko?"

"Kukaa, Baba."

"Kukaa tu?"

Mama akajibu kutoka jikoni. "Kwani sisi tulipotoka Tabora tulikuja kufanya nini hapa? Tulikuja kukaa."

Baba akasema sisi angalau tulikuta watu. Hao wanakwenda kwenye nyumba tupu, nani atawafungulia? Nikamwambia watafungua wenyewe. Akapunguza sauti ya redio. Halafu akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya samaki, mapipa yanasemaje. Nikasema tarehe nne. Akasema, "Utapita. Wewe una akili, tatizo lako unaogopa." Baba aliendesha malori miaka kumi na moja bara, na hapa magari ya serikali mpaka alipostaafu. Hajawahi kugonga hata kuku. Husema hivyo kila mara, na ni kweli. Ilikuwa kweli.


Jumanne, 31 Oktoba

Wameondoka. Saa sita kasoro dakika nane, saa zetu.

Meneja alikuwa bandarini. Pauline aliingia kwenye intaneti, simu zikafa, akawasha picha. Dirisha lake dogo kama stempu, linakwenda na kukwama. Nilitegemea moto na moshi. Kulikuwa na ukungu tu! Ukungu mzito umefunika uwanja wote. Roketi ilionekana kama mshumaa nyuma ya pazia, ikawa mwanga, ukungu ukaumeza mwanga. Chini ya dakika moja. Halafu sauti ya mtu akisoma sekunde kwa Kirusi, kwa utulivu, kama anayesoma orodha ya mizigo.

Pauline alikuwa amefumba macho anawaombea. Nikamwambia wameshapita. Akasema, "Wacha nimalize, wako bado njiani."

Sijui kwa nini naogopea watu nisiowajua. Labda kwa kuwa kuwaogopea wao ni rahisi.

Kwenye gari nilimweleza Baba. Akauliza, "Waliruka katika ukungu? Bila kuona?"

"Wao hawahitaji kuona, Baba. Kuna watu chini wanawaonea. Kila kitu wanaambiwa."

"Na wenyewe wanakubali kuambiwa?"

"Ndiyo kazi yao."

Tulifika kwenye taa. Nikasema, "Nyekundu, Baba." Akasema, "Nshaiona." Lakini alikawia kidogo.


Jumatano, 1 Novemba

Mwandiko huu siupendi.

Asubuhi, Wadi Adai. Wanapamba barabara kwa Sikukuu ya Taifa, kila nguzo wanaitundikia taa na bendera. Gari la ngazi lilikuwa pembeni, koni za kuzuia magari, za rangi ya chungwa, zimepangwa mbele yake, na chini mtu mmoja, kibarua, kashika waya. Mimi nilikuwa natazama mbele, nikijua Baba naye anatazama mbele, na nikajiambia koni za rangi ile haiwezekani mtu asizione. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nimechoka kusema.

Tuliingia ndani ya koni. Mbili zililala chini ya gari, moja iliruka. Yule mtu alitupa waya akarukia ukingoni. Nilipiga kelele. Baba akakanyaga breki.

Kibarua hakuumia. Alisimama akitutazama, hakutukana hata. Baba aliteremsha kioo akasema kwa Kiarabu, nani kaweka koni katikati ya njia? Hazikuwa katikati ya njia. Yule mtu akasema, maalesh, maalesh, yeye ndiye anayeomba radhi.

Tulikwenda mpaka Ruwi. Nilipofungua mlango Baba akasema, "Usimsumbue mama yako na mambo haya." Nikasema sawa.

Nimesema sawa! Ningeweza kusema kitu kingine. Kaka yangu Osama anakuja kesho jioni kutoka Sohar, nikimwambia atachukua funguo siku hiyohiyo, atapaza sauti, majirani watasikia, na Baba hatanitazama tena. Nisipomwambia, kuna mtu kashika waya mahali fulani.

Wale watatu sasa wanazunguka. Ukurasa unasema wamebakiza mizunguko kadhaa. Hakuna anayewaharakisha.


Alhamisi, 2 Novemba

Nataka kuandika yote kwa mpangilio.

Alhamisi tunafunga saa saba. Kituo wangekigusa saa saba na dakika kama ishirini. Nilijua Baba atakuwa chini anasubiri. Nikajiambia ni dakika ishirini tu. Wote wakatoka, tukabaki mimi na Pauline. Picha ilikataa kabisa, tukapata maandishi: mstari mmoja, unasubiri, mwingine unatokea.

Mlango ukagongwa. Baba. Alikuwa amepanda ngazi ghorofa mbili. Sikumsikia akija, lakini niliona mkono wake wa kulia una vumbi jeupe la chokaa. Alipanda akiupapasa ukuta.

"Nimepiga honi mpaka watu wananitukana. Kuna nini?"

Pauline akamvutia kiti. "Karibu, mzee. Ndio hawa wanaingia sasa. Tumebana pumzi hapa kama tunatazama penalti."

Baba akakaa akaitazama kompyuta. Akaitazama vizuri, kichwa pembeni kidogo. Kisha akasema, "Hebu nisomee. Miwani nimeiacha garini."

Baba hana miwani.

Nikamsomea. Wako mita mia mbili. Wamesimama, wanangoja ruhusa. Wamepewa. Mia moja. Hamsini. Baada ya kila namba alitikisa kichwa, na mdomo wake ulikuwa unasema polepole, polepole, bila sauti. Nilijikuta nasoma kwa sauti ileile ninayosomea taa.

Katikati, mstari haujaja, akaanza kusema na Pauline, si na mimi. Kwamba huko Kigoma kulikuwa na pantoni, na lori lilipanda kinyumenyume juu ya mbao mbili. Ukizitazama mbao, umekwisha, gari linafuata macho yako. "Mimi nilikuwa namtazama mtu wa pantoni tu. Mkono wake. Akinyoosha naenda, akifumba nasimama. Mto siujui. Mbao sizijui."

"Na kama alikudanganya, mzee?"

"Anidanganye ana faida gani? Na yeye yumo pantonini."

Mstari ukaja. Wamegusa. Saa saba na dakika ishirini na moja. Pauline alipiga makofi, akanikumbatia, akampa Baba mkono na Baba akaushika. Mimi nilikuwa namtazama Baba. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini siku hizi hulowa hata kwa upepo, siwezi kujua.

Tuliposhuka nilimshika mkono kwenye ngazi. Nilisingizia viatu vyangu. Akasema, "Viatu gani hivyo." Hakuutoa mkono.

Ndani ya gari alisema, "Mapipa unayatazama, ndiyo maana unayagonga. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitakufundisha mimi. Huyo Nasriya anakufundisha utepe."

Jioni redio ilisema wameingia ndani. Kazi mojawapo ya kwanza, kuwasha taa. Osama alifika, akala, akalala. Sikumwambia.


Ijumaa, 3 Novemba

Nyuma ya nyumba kuna uwanda wa changarawe mpaka mlimani. Baba aliazima mapipa sita ya plastiki, ya buluu, kwa jirani anayejenga. Aliyapanga mwenyewe, kwa hatua, akihesabu: kumi huku, nne huku. Nilifikiri ni utaalamu. Sasa najua kwa nini alihesabu.

Akasimama nyuma, mkono mmoja juu ya pipa la mwisho. "Kioo cha kushoto. Sasa cha kulia. Gari lina masikio, usigeuze shingo. Njoo. Njoo. Usikaze mikono, si mwizi umemkamata."

Mara mbili niliingia. Kweli niliingia! Bila utepe, kwa kioo tu na sauti yake. Mara ya tatu pua ya gari ilichepuka kulia na pipa la mbele likalala. Tupu, jepesi, injini inanguruma, halikusikika. Likabiringika polepole likasimama pale kwenye changarawe, buluu, kubwa, mbele ya uso wake. Alikuwa amelielekea.

"Vizuri," Baba akasema. "Mara tatu sasa. Toa, rudia."

Nilizima gari. Nikateremka nikasema kiatu kimeingia jiwe. Nikaenda nikalisimamisha pipa mahali pake, taratibu, lisikwaruze. Nikarudi. Nikarudia. Sikumbuki kama niligusa.

Nilipoinua macho Mama alikuwa mlango wa jikoni, taulo begani. Ameona yote.

Baba alipokwenda kutawadha, Mama alinivuta karibu na jiko. Nilidhani ataniuliza. Akasema, "Kikombe chake namjazia nusu. Tangu mwezi wa tano. Kikijaa anajimwagia." Na kwamba ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, mama yake Baba alikuwa nao vilevile. Hospitali wanautoa, si jambo kubwa, lakini lazima mtu akubali kwanza kuwa ana kitu cha kutolewa. Amemgusia mara moja. Alikaa siku tatu hasemi.

"Na wewe unajua tangu lini, Khole?"

"Ramadhani."

Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Akacheka kidogo, si kicheko. Sote watatu tunajua, na kila mmoja anawaficha wawili.

Nikamwambia habari za koni. Akaacha kucheka. Akasema, "Nikimwambia mimi, ni mke kamsema. Osama akimwambia, ni ugomvi. Wewe anakupenda." Hakumaliza. Osama alikuwa ameshaondoka kwenda Sohar kabla ya Magharibi, na nilimuaga kama kawaida.


Jumamosi, 4 Novemba

Kibanda cha wanawake, uwanja wa mtihani. Saa mbili na robo asubuhi. Nimepewa namba kumi na nne. Sasa yuko wa tisa. Bi Nasriya alitaka kunipitia kama siku zote, Baba akasema atanileta mwenyewe.

Naandika nipate kitu cha kushika.

Njiani nilisema taa zote. Tulipopita Wadi Adai zile koni zilikuwepo bado, nikasema, "Koni kulia, Baba, sogea kushoto," na hii ndiyo mara ya kwanza nimesema kitu kisichokuwa taa. Akasogea. Hakusema nshaiona.

Basi nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Baba, jana niliangusha pipa."

"Lini?"

"Mara ya tatu. La mbele, la kulia. Nikaliinua."

Tulikwenda mpaka mzunguko wa barabara, tukauzunguka, tukatoka. Nilikuwa nahesabu nguzo zenye bendera. Nilifika ishirini na sita.

"Nilikwambia vizuri," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo. Sikujua niseme vipi."

Aliegesha nje ya ukuta, akavuka mstari, gari limekaa upande. Akazima. Akabaki kashika usukani kwa mikono miwili. Nilimwambia nakwenda. Akanyanyua kidole kimoja juu ya usukani, ndiyo salamu yake.

Wa kumi na moja amegonga. Nimesikia pipa.

Sina hakika kama nimefanya vibaya. Hata nikipita leo, kimebaki kilima na kimebaki barabara, wiki mbili, mwezi. Leseni sitakuwa nayo leo. Nyumbani tutarudije? Hilo sikulifikiri kabla ya kufungua mdomo. Mimi ambaye hufikiri kila kitu.

Wa kumi na mbili amepita. Anapiga kigelegele, askari anamwambia nyamaza.

Bi Nasriya amekuja kibandani. Hakukaa. Kafungua kiganja changu katia ndani ufunguo wa gari, wetu, wenye kamba ya ngozi. Anasema Baba kamwita ukutani akampa. "Kasema umshikie, mfuko wake una tundu. Nikamwambia Mzee Hamoud, kanzu nzima hiyo mpya ina tundu? Akanambia nisiulize." Ananitazama. "Mna nini nyinyi leo?"

Nimesimama kwenye dirisha la kibanda. Kwa juu ya ukuta ninaliona gari letu. Baba ameteremka upande wa usukani. Anazunguka mbele, mkono juu ya boneti, hauachii. Amepapasa kitasa. Amefungua mlango wa abiria, amekaa, amefunga. Anajifunga mkanda. Gari halina mtu wa kuliendesha, na yeye amejifunga mkanda, anatazama mbele.

Bi Nasriya anasema vioo nimekwisha kutengenezewa, niache kuandika. Utepe haupo, nimeangalia.

Kumi na tatu ameingia. Hakuna sauti ya pipa mpaka sasa. Ufunguo nimeutia mkono wa kushoto, huu unaoandika ni wa kulia, na yote miwili ina kitu cha kushika. Wameita kumi na nne.